Kujaza Mafuta Manowari Katikati ya Bahari: Mwongozo kwa Kijana wa Sitaha

Mazoezi ya pamoja ya majeshi ya majini yakikaribia, vijana wa hapa Mtongwe, kambi ya wanamaji Mombasa, huniuliza mambo mawili: lugha na mpira. Watasikilizana vipi na meli ya taifa jingine, na ule mpira mzito wa mafuta utavukaje kutoka meli hii hadi ile huku zote mbili zinakwenda? Huwajibu kwamba mpira utavuka kwa kamba na winchi, na lugha, sehemu yake kubwa imeshapandishwa kwenye mlingoti kwa bendera. Kitu cha kujifunza mpaka kikae mwilini ni maji yaliyo baina ya meli mbili. Upana wake mara nyingi ni mita 30 hadi 55 tu, na humo ndimo hatari yote ilimo.

Nimeuandika mwongozo huu kwa kijana wa sitaha anayekwenda mara ya kwanza, na kwa mshika usukani anayeanza kuaminiwa. Utaratibu wa meli yako na amri ya serahangi wako, mkuu wa mabaharia wa sitaha, vinatangulia chochote utakachosoma hapa.

Kazi yenyewe si ngeni duniani. Mwaka 1917 meli ya mafuta ya Marekani, USS Maumee, iliwapa mafuta manowari ndogo zilizokuwa zikivuka Atlantiki kuelekea Ireland, na mmoja wa maofisa wake alikuwa Chester Nimitz, ambaye baadaye aliongoza vita vya majini vya Marekani katika Pasifiki. Kwetu pia manowari za mataifa si ngeni. Mwaka 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), Waingereza walizihamishia Kilindini, bandari ya Mombasa, meli za Kikosi chao cha Mashariki. Tangu Desemba 2008, Umoja wa Ulaya ulipoanza doria ya kupambana na maharamia wa Somalia, manowari za mataifa mengi zimekuwa zikitia nanga hapa, na mwaka 2021 Mombasa ilikuwa mwenyeji wa mazoezi ya pamoja ya majini yaitwayo Cutlass Express. Manowari ikilazimika kurudi gatini kila tangi linaposhuka, doria inabaki wazi siku nzima au zaidi. Ndiyo maana mafuta hufuata meli huko iliko.

Kabla ya kung'oa nanga: kubalianeni vipimo

Mkutano wa bandarini kabla ya safari huonekana kama kazi ya maofisa. Ukipata nafasi ya kukaa nyuma na kusikiliza, kaa. Meli za mataifa mbalimbali zinaweza kuwa na nia njema na bado zikaumizana kwa sababu ya kipimo.

Anza na galoni. Galoni ya Kimarekani ni lita 3.785, ya Kiingereza ni lita 4.546. Ukiomba galoni 10,000 bila kusema za nani, mmoja atafikiria lita 37,850 na mwingine lita 45,460. Tofauti hiyo ya lita zaidi ya 7,600 inatosha kufurika sitahani. Ombeni kwa mita za ujazo au lita, na muandike. Umbali nao ni hivyo hivyo: Mmarekani akisema 150, anasema futi, ambazo ni kama mita 46. Asikiaye mita atakaa mbali mno na mpira hautafika. Asemaye 50 akikusudia mita, na mwenzake akasikia futi, wataishia mita 15 kutoka ubavuni.

Kisha aina ya mafuta. Manowari nyingi za kikundi cha NATO na marafiki zake hutumia dizeli ya majini iitwayo F-76, na helikopta zao hutumia F-44. Zote mbili zina sifa moja inayowalinda mabaharia: haziwezi kutoa mvuke wa kushika moto chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Mafuta ya kawaida ya ndege za abiria kikomo chake ni nyuzi 38. Katika meli ambayo chumba cha mashine kina joto la Februari ya Mombasa, hiyo ni tofauti ya uhai. Usiruhusu mtu akuambie "mafuta ni mafuta."

Mengine ya kuuliza: kichwa cha mpira ni cha aina gani na je, kinaingia kwetu, ubavu upi utatumika, redio itakuwa chaneli ipi, na ikikatika tutafanya nini, honi ya dharura ni ipi. Kama meli yenu haijawahi kufanya kazi na ile nyingine, omba zoezi kavu kwanza. Kamba zinavuka, waya unavuka, mpira unaunganishwa, lakini hakuna mafuta yanayopita. Sioni aibu yoyote katika zoezi kavu. Kwa maoni yangu lingekuwa lazima kwa kila jozi mpya ya meli.

Sitaha na mwili wako

Toa pete, saa na mnyororo. Vaa jaketi la kuokolea na kofia ngumu yenye kamba ya kidevuni. Glavu zisiwe kubwa kuliko mkono. Simu iache chini. Mwaga mchanga au kitu cha kuzuia utelezi, ziba matundu ya kutolea maji sitahani ili mafuta yakimwagika yasiingie baharini, weka vifaa vya kuzimia moto, na shoka na mkasi wa kukatia waya viwe mahali ambapo kila mtu anapajua hata kwa giza. Hakuna sigara, popote.

Kuchagua uelekeo

Meli ya mafuta ndiyo hushika uelekeo na mwendo. Ile inayopokea hujirekebisha kwake. Mwendo wa kawaida ni maili 12 hadi 16 za bahari kwa saa. Polepole mno usukani unakuwa mzito kuitika. Kasi mno, maji baina ya meli yanakuwa makali.

Nje ya Mombasa, upepo ndio huamua. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili, mawimbi makubwa hutoka kusini-mashariki, na mara nyingi ni afadhali kuyapokea omoni, yaani mbele ya meli, au pembeni kidogo mwa omo kuliko kuyaacha yawapige ubavuni na kuzilaza meli. Kaskazi ni mpole zaidi. Vijana huniuliza kuhusu mkondo wa bahari, ule unaokwenda kaskazini mwaka mzima kwenye pwani yetu. Mkondo hauzisogezi meli moja kuelekea nyingine, kwa kuwa umezibeba zote mbili pamoja. Unachofanya ni kuziondoa mlipodhani mpo, kwa hiyo afisa wa ramani asiache kupima, hasa mwambao ukiwa karibu. Upepo ni habari nyingine. Meli ndefu ya kwenda juu hushika upepo kama tanga, na ile fupi iliyo upande uliokingwa haiusikii, mpaka itoke kwenye kivuli chake.

Bendera zinazosema badala yako

Bendera ya Romeo, nyekundu yenye msalaba wa manjano, hupandishwa upande utakaotumika. Ikiwa chini kidogo ya kilele kwenye meli ya mafuta, maana yake: nimeshika uelekeo na mwendo, natayarisha ubavu. Ikifika kileleni: njoo. Manowari nayo hupandisha ya kwake hadi kileleni inapoanza kukaribia. Kamba ya kwanza ikishikwa mkononi, zote mbili zinashushwa.

Bravo, nyekundu tupu, ni ya mafuta: inapepea yakiwa yanapita. Bendera ya Prep ikiwa chini kidogo ya kilele kwenye meli inayopokea, inasema tutaachana baada ya dakika kama 15. Ikifika kileleni, tunaachana sasa. Mturuki, Mhindi na Mkenya wanazisoma sawasawa, na hilo huwatuliza sana vijana wanaodhani watatahiniwa Kiingereza. Maneno machache ya redioni yanayobaki, yasemeni polepole, namba moja moja, na kila amri irudiwe na aliyeipokea kabla ya kutekelezwa.

Kukaribia

Hapa nitakaa kidogo.

Manowari husubiri nyuma, kama mita 300 hadi 500 kutoka tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli ya mafuta, upande utakaotumika. Ikiitwa, huongeza mwendo na kuja kwa mstari ulionyooka, sambamba na mwenzake, si kwa kumkatiza kisha kujinyoosha. Swali la nahodha kwa wakati huo ni moja: mstari huu utatupitisha umbali gani na ubavu wake? Kuna hesabu ya kichwani inayojibu. Kila mita 1,000 ya umbali, nyuzi 1 ya pembe ni kama mita 17. Ukiwa nyuma mita 1,000, kabla hata ya kufika mahali pa kusubiri, na ubavu wa meli ya mafuta unaonekana nyuzi 3 pembeni mwa uelekeo wenu, mtapita mita 52 hivi. Mkifika mita 500, ubavu huo huo unapaswa kusomeka karibu nyuzi 6. Ukisomeka bado 3, mnaelekea mita 26 tu: jirekebisheni mapema, mkiwa bado na nafasi.

Sasa maji. Meli inayokwenda hurundika maji omoni na tezini, na ubavuni maji hukimbia upesi na kupoteza msukumo. Meli mbili zikienda sambamba, maji ya katikati hubanwa na kukimbia zaidi, kama yanavyokimbia maji ya bamvua yakipwa kwenye mlango mwembamba. Yakikimbia, shinikizo lake hushuka, na meli huvutana.

Lakini havutwi mtu mara moja. Omo yako ikifika kwenye tezi ya meli ya mafuta, unakuta rundo la maji na omo inasukumwa nje. Mshika usukani mgeni hushtuka na kupinda ndani. Sekunde chache baadaye omo imelipita rundo na kuingia penye shinikizo dogo, ambako maji yenyewe yanamvuta ndani. Sasa usukani wake na maji vinavuta upande mmoja. Ajali nyingi zinaanzia hapo. Ukisukumwa, shika uelekeo wako kwa usukani mdogo, na ngojea kuvutwa, maana kunakuja.

Mkishakuwa ubavu kwa ubavu, kumbuka hesabu nyingine. Kwa mwendo wa maili 12 kwa saa, kosa la nyuzi 1 hukusogeza upande mita 6 na nusu kila dakika. Kosa la nyuzi 5 litaimaliza nafasi ya mita 45 kwa dakika moja na nusu hivi. Na ukizidi mwendo kwa maili 1 tu kwa saa, ndani ya dakika umetangulia mita 31, na mpira unavutwa mshazari. Ndiyo maana nahodha hutoa amri za nusu nyuzi na mizunguko michache ya mashine, na ndiyo maana mshika usukani hasemeshwi na mtu mwingine. Kwenye chumba cha mashine ya usukani, tezini, awepo mtu tayari kuushika kwa mkono ikiwa wa juu utakufa.

Kamba

Kwa kawaida meli ya mafuta ndiyo hurusha kamba nyembamba ya kwanza, kwa bunduki maalumu au kwa mkono. Sikiliza filimbi: mlio mmoja kutoka kwa anayerusha maana yake yuko tayari, milio miwili ya kujibu maana yake watu wenu wote wamejikinga. Usichungulie kuona inaanguka wapi. Ikishatua, kimbieni mkaishike.

Kamba hiyo nyembamba huvuta nene zaidi, na nene huvuta waya. Pamoja nazo huja kamba ya simu na kamba ya kupimia umbali, yenye vibendera vya rangi kila futi 20. Usiku huwekwa taa ndogo. Aliyeishika hana kazi nyingine yoyote duniani: aiweke imenyooka, isilegee ikadanganya, na aisome kwa sauti.

Mambo ya mikono na miguu ndiyo yaliyonifanya niandike. Niliwahi kufanya kazi na kijana hodari ambaye kamba ilimkimbia mkononi, naye badala ya kuiachia akakaza. Glavu ikatoboka na nyama ya kiganja ikatoka. Alipona, ila kidole kimoja hakikunji tena. Kwa hiyo:

- Ikikukimbia, iachie. Kamba inanunuliwa.
- Usisimame ndani ya kitanzi, hata kilicholala chini kimelegea. Meli ikiyumba, kitanzi kinakuwa mtego.
- Usiruke juu ya kamba iliyokazwa wala usipite chini ya waya uliobeba mzigo. Waya ukikatika unarudi kwa njia ile ile uliyokuwa umenyooka, upesi kuliko jicho.
- Usijizungushie kamba mkononi wala kiunoni ili upate nguvu.
- Asiye na kazi pale asiwepo pale.

Waya ukifika, hufungwa kwenye kulabu ya kuachia kwa pigo moja. Hakikisha wewe mwenyewe kwamba pini imekaa na nyundo iko karibu. Kisha toa ishara, na winchi ya meli ya mafuta itaukaza. Mashine ya winchi hulegeza na kukaza kadiri meli zinavyosogea, kwa hiyo utauona waya ukipumua. Ni kawaida.

Mpira na mafuta

Mpira wenyewe, mara nyingi wa inchi 7, hushuka ukining'inia kwenye waya kwa kapi, vigurudumu vya kupitishia waya. Mwishoni una ncha iitwayo probu, nayo huingia kwenye faneli kubwa iliyofungwa ubavuni mwenu na kujifunga. Usiamini mlio peke yake. Tazama kiashirio, kisha toa taarifa.

Pampu ianze polepole. Wakati huo mtu mmoja anakagua viungo kwa kuvuja, mwingine anachukua sampuli kwenye chupa safi ya kioo. Mafuta mazuri yanapitisha mwanga, hayana ukungu, hayana matone ya maji yanayokaa chini wala uchafu. Yakikosea, simamisheni, tangi lililoingia maji ya chumvi ni taabu ya wiki nzima. Yakiwa safi, ongezeni kasi. Mpima tangi aripoti mara kwa mara na asisubiri lijae kabisa: funga kwenye asilimia 95, kwa kuwa mafuta yakipata joto hutanuka. Kabla ya kufika hapo ombeni pampu ipunguzwe, maana mafuta yaliyomo mpirani hayasimami papo hapo.

Wakati mwingine hamtakaa ubavuni hata kidogo. Meli nyingine huburuza mpira tezini na manowari huufuata nyuma na kuuokota. Njia hiyo ni ya polepole, lakini kwa meli mbili zisizozoeana inapunguza hatari ya kugongana.

Kuachana

Kawaida: pampu inazimwa, upepo unapulizwa ndani ya mpira ili mafuta yaliyobaki yaondoke, probu inachomolewa, mpira unarudishwa, kisha waya unalegezwa na ndipo kulabu inapigwa. Usipige kulabu waya ukiwa bado umekazwa, isipokuwa kwa amri ya dharura. Kamba ya umbali huwa ya mwisho kurudi.

Dharura ina honi fupi tano au zaidi, mfululizo. Ukizisikia huulizi sababu. Pampu inazimwa, mpira unaachiwa, kila mtu anaondoka kwenye njia ya waya, kulabu inapigwa, na kisichoachia kinakatwa. Hili lifanyiwe mazoezi mkiwa bado gatini, mkipima muda kwa saa.

Kwenye usukani, woga hukwambia upinde sana ukimbie. Usifanye hivyo. Meli ikipindwa nje, tezi yake huenda ndani, kama mashua inavyoligonga gati kwa nyuma ukiondoka vibaya. Ongezeni mwendo na mpinde nyuzi mbili au tatu, mpaka tezi yenu iipite omo ya mwenzenu.

Mtu akianguka baharini, piga kelele, tupa boya, mwoneshe kwa kidole usimwondolee macho. Meli mbili zilizofungamana hazitasimama. Kazi ya kumwokota ni ya meli ya tatu inayofuata nyuma, au helikopta. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, zoezi lisianze.

Kwa wavuvi wenzetu

Kaskazi ikitulia, madau na mashua za Likoni, Mji wa Kale na Mtwapa hutoka nje ya mwamba, na huko ndiko mazoezi yanakofanyika. Ukiona meli mbili kubwa zinakwenda sambamba zimekaribiana, tazama mlingoti: vitu vitatu vyeusi, duara, almasi, duara. Usiku ni taa nyekundu, nyeupe, nyekundu, kwa wima. Maana yake meli hizo zimefungwa na kazi na haziwezi kukupisha. Sheria za kimataifa za kuzuia migongano zinamtaka hata mwenye tanga na mwenye nyavu awaachie njia, kadiri awezavyo kwa aliye uvuvini. Usikate mbele yao, na usifikirie kupita katikati. Kuna waya usiouona. Ukiwa na redio, chaneli 16. Kama huna, washa tochi uimulike kwenye tanga lako uonekane, na upige makasia upande mmoja bila kubadili nia.

Nanyi mlio juu ya manowari, wekeni mtu omoni mwenye macho mazuri ambaye kazi yake ni mashua ndogo tu. Rada hukosa dau la mbao.

Baada ya hapo

Hesabuni watu kwanza. Kisha pimeni matangi tena na mlinganishe na hesabu ya meli ya mafuta, kwa lita, siku hiyo hiyo, kabla redio hazijapotezana. Chupa ya sampuli ibandikwe tarehe na jina la meli iliyotoa, ihifadhiwe. Andikeni kila kilichoenda kombo, hata kidogo, kwa kuwa kikosi kijacho kitatoka nchi nyingine na hakikuwepo. Glavu zilizochanika zitupwe. Kamba zioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, zikaushwe kivulini, zikaguliwe urefu wote kwa vidole vitupu, na iliyolika itengwe kabla ya jua kuzama.